Pensi ya Upande wa Kushoto

Mimi ni fundi wa kushona nguo za wanawake hapa Goma, na nasema bila haya kwamba nusu ya harusi za mji huu zimechezwa ndani ya uzi wangu. Nusu nyingine walikosa nafasi kwenye foleni. Nina pia diplome ya masomo ya jioni, niliyoipata nikiwa na miaka thelathini na nane, nikikaa benchi moja na vijana ambao mama zao niliwashonea magauni walipokuwa na mimba zao. Katika biolojia nilipata alama ambazo mwalimu alizitazama mara tatu, akidhani kalamu yake imepotea njia. Niliandika kurasa mbili nzima juu ya namna seli moja inavyogawanyika ikawa mbili, na mbili zikawa nne. Hata michoro niliitia rangi. Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua.

Lazima nieleze kazi yangu kwanza, maana ugonjwa wangu ulipitia mlango wa kazi. Blauzi ya kikwembe, yaani kitenge, ile tunayoiita libaya, haikai mwilini bila pensi. Pensi ni mikunjo miwili midogo ninayoshona chini ya matiti, mmoja kushoto na mmoja kulia, ili kitambaa kifuate umbo la mwenye nguo. Zikikaa sawa, mwanamke anaonekana kama alizaliwa na nguo ile. Zikikosea, anaonekana kama gunia la makaa lililofungwa mkanda.

Na mteja wangu haondoki bila mtihani. Namsimamisha mbele ya kioo, namwambia, "Inua mikono, mama, fanya kama bibi-arusi ameingia." Huku kwetu libaya hushonwa kwa ajili ya kucheza. Ikipanda hadi kitovuni mama akirusha mikono juu, aibu ni ya fundi. Nimewainulisha mikono wanawake wengi wa mji huu, kuanzia Himbi mpaka Kanyaruchinya, kuliko askari wote wa vizuizi vyote.

Mwaka ule wa ugonjwa, binti wa yaya alikuwa anaolewa. Yaya ni dada yangu mkubwa. Anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale soko la ufukweni la Kituku, na ulimi wake unapara magamba kuliko kisu chake. Familia ilichagua kikwembe kimoja kwa wanawake wote. Nikashona libaya kumi na tisa, na ya ishirini ikawa yangu, kwa sababu fundi huvaa wa mwisho. Niliikata kwa kufuata kipimo changu cha zamani, kilichochorwa kwenye karatasi ya kaki. Mwili wangu nilidhani naujua kuliko njia ya kwetu Butembo.

Pensi ya kulia ikakaa. Ya kushoto ikakataa. Kitambaa kilikunja uso pale chini, kama mtu aliyeonja limau. Nikalaumu mashini. Nikalaumu kikwembe, nikasema wachuuzi siku hizi wanatuuzia magazeti yenye maua. Nikafungua mshono nikashona upya, mara nne, na mimi sijawahi kufungua mshono mara nne hata kwa mke wa mkubwa. Mwishowe nikafanya kile mafundi tunachomfanyia mteja mwenye bega moja lililoshuka: nikaongeza sentimita moja upande wa kushoto, nikatia bitana na kipande cha sifongo kwa ndani. Nguo ikanyooka. Nikajipongeza. Nikachukua hata ile karatasi ya kaki nikaandika pembeni: kushoto, ongeza moja.

Hivyo ndivyo nilivyofanya, mwenye diplome. Nilirekebisha nguo.

Siku chache baadaye nilikuwa naoga, kidole kikapita juu ya kitu kigumu ndani ya titi la kushoto, kidogo kama harage ambalo halijaiva. Nikakibonyeza. Hakikusogea, wala hakikuuma. Na nitaungama hapa: nilifurahi. Sisi tunaujua ugonjwa kwa kelele zake. Malaria hukutetemesha, jino hukuliza, tumbo hukukunja. Kitu kinachokaa kimya, nikasema, hakina ubaya na mtu.

Siku mbili kabla ya harusi yaya alikuja kuchukua libaya yake. Akaivaa, akainua mikono, akaridhika, kisha akataka kuiona yangu. Nilikuwa nimevua niliyokuwa nayo, mikono ingali juu nikijaribu kuivaa ile mpya, niliposikia sauti yake nyuma ya shingo.

"Bakia vile."

"Nibakie aje? Mikono inachoka."

"Bakia vile, nasema. Pale chini ya titi, ngozi inaingia ndani. Iko kama kitovu."

"Ni alama ya sidiria, yaya."

"Sidiria gani ya kuuma upande moja tu? Shusha mikono." Nikashusha. "Inua tena."

Nikainua, na safari hii nikatazama kioo. Mikono ikiwa chini, hapakuwa na kitu. Ikiwa juu, kishimo kilijitokeza upande wa kushoto, mahali pale pale ambapo pensi ilikuwa inavuta. Na chuchu ya upande ule ilikuwa imegeuka kidogo kuelekea kishimo, kama jirani anayetega sikio ukutani. Kioo changu kile kimewaonyesha wanawake mia na mia jinsi walivyo wazuri, na sikutegemea kingenigeukia.

"Inauma?" yaya akauliza.

"Hapana."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo. Njo maana nasema haina neno."

"Weye njo ulikuwa unasoma mpaka saa ya popo. Mu biolojia walikufundisha vile?"

Nikamsihi anyamaze mpaka harusi ipite. Akasema harusi ni Jumamosi, na Jumatatu atakuja kunibeba. Basi nikaenda harusini. Nilicheza siku nzima mikono ikiishia mabegani, mpaka watu wakaamini nimeokoka.

Jumatatu nilitoroka. Nilimwambia yaya nina nguo za ubatizo wa mapacha. Juma lililofuata nikamwambia mashini imeharibika. Lililofuata nikasema nina malaria, na malaria ikanifaa kweli, kwa maana hiyo hakuna anayeiogopa. Mume wangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Nilipomwonyesha alishika mkono wangu, akasema shangazi yake wa Butembo ana majani. Majani yakaja, yamesagwa na kufungwa ndani ya kipande cha jani la mgomba, baada ya kupita mikononi mwa madereva sijui wangapi. Nikayapaka siku tisa. Yalichoma ngozi ikawa kama chapati iliyosahaulika jikoni. Harage lilibaki mahali pake.

Kila asubuhi nilichukua metre yangu ya kazi nikaenda nyuma ya pazia kupima. Siku nyingine ilisema sentimita moja na nusu, siku nyingine mbili, kulingana na woga niliolala nao. Nilibonyeza mno mpaka ikaanza kuuma kweli, nikaogopa kwa sababu inauma, baada ya kufurahi kwa sababu haiumi. Nilikuwa nakata nguo za watu vibaya. Mama mmoja alikuja na kitambaa cha mikono mirefu akaondoka na cha mikono mifupi, nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Nilikuwa naogopa kisu. Katika mtaa wetu palikuwa na mama aliyekatwa titi, na mwaka haukuisha akafa. Msibani kila mtu alisema ni kisu kilichomwua, kwamba ugonjwa ulikuwa umelala na chuma kikauamsha. Hakuna aliyesema kwamba alikaa nao miaka miwili chini ya nguo kabla ya kuonyesha mtu. Mimi nilijua. Nilimshonea nguo katika miaka hiyo. Nami nilipopima nikakuta upande mmoja umevimba, niliongeza kitambaa, nikaendelea na stori.

Wiki ya saba yaya hakupiga simu. Aliingia asubuhi na mapema, kapu la samaki kichwani, hakunisalimia. Akainama kwenye mashini yangu, akachomoa mkanda unaozungusha gurudumu, akautia ndani ya sidiria yake.

"Yaya, niko na kazi."

"Hauna kazi. Hauna na mashini. Ule mukanda utaupata mbele ya dokteri."

"Unaniaibisha mbele ya wateja."

"Wateja gani? Hapa iko miye na hizi sambaza. Vaa viatu."

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja wa Rutshuru, mwembamba, amejifunga vikwembe viwili kifuani, kimoja juu ya kingine. Alikuwa amejipaka sabuni ya harufu nyingi, lakini chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, nami nikatazama sakafu ili asijue kwamba nimeisikia. Yeye ndiye aliyeanza kusema, kwa upole, kama tuko kwenye foleni ya maji.

"Yako ni mupya?"

"Kama miezi miwili, mama."

"Yangu ilianza kama harage. Haikuwa inauma. Nikasema nitaenda kisha mavuno. Kisha mavuno, vita ikatutoa kwetu. Kule Kanyaruchinya mu kambi nikaanza dawa, nikaipata mara mbili, kisha kambi ikavunjwa, kila mutu akakimbia na yake. Sasa njo narudia." Akapanga vizuri pindo la kikwembe chake. "Weye usitoke hapa. Ata wakikufukuza."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Mimi huwa nacho daima, hata kaburini nimewahi kuchekesha watu. Sikupata. Miguu yangu ilikuwa inagonga sakafu peke yake, na yaya akaweka kapu lake juu ya magoti yangu, lote, na samaki wake, ili itulie.

Daktari alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Aliangalia kadi yangu, akaniomba nivue blauzi, akasimama hatua mbili mbali.

"Inua mikono, mama."

Nikalia. Kijana wa watu akashangaa, akafikiri ameniumiza kabla hajanigusa. Ningemwelezaje? Nilikuwa na maneno yale kinywani mwangu miaka ishirini na zaidi, na siku zote nilitazama kitambaa.

Akapapasa titi, akapapasa kwapa, akapapasa juu ya mfupa wa shingo, kila mahali polepole, macho yake yakitazama ukuta. Nilijaribu kusoma uso wake, ila hawa wasomi wa mchana wanafundishwa kuficha. Akaniuliza kwa nini nilichelewa. Nikamwambia ukweli, kwamba haikuuma.

"Kama ingekuwa inauma, mama, ungekuja siku ya kwanza. Vivimbe vingi vyenye kuuma havina shida. Hii yenye kunyamaza, yenye kuvuta ngozi ama kugeuza chuchu, njo tunataka kuona haraka. Sisemi kama ni kansa. Vingi vyenye tunatoa havikuwa kansa. Lakini siwezi kujua kwa vidole."

"Na kama ni yenyewe, nitakufa?"

Hakukimbilia kunifariji, na kwa hilo ninamheshimu mpaka leo. Alivuta kiti. Akasema anaangalia ukubwa wa kivimbe, na changu bado ni kidogo. Anaangalia kama kimefika kwenye tezi za kwapa, na kwa vidole hakukuta kitu, ila vidole si hadubini. Kisha maabara itasema ni cha aina gani, maana kuna vinavyolishwa na homoni za mwanamke, hivyo kidonge kinavifungia chakula, na kuna vikaidi.

"Halafu iko jambo lingine lenye maabara haiwezi kunipimia," akasema. "Kama mutu atamaliza dawa. Napoteza wagonjwa wengi kwa barabara kuliko kwa chumba cha kupasua."

Alitoa kipande kwa sindano nene, ambayo kwa macho yangu ilikuwa na urefu wa mpini wa jembe. Kipande chenyewe kilikuwa kama uzi mfupi mweupe. Akakitia ndani ya chupa ndogo yenye dawa. Kipande kilitakiwa kusomwa Bukavu, na siku zile ndege zilikuwa hazitui tena Goma. Chupa ingepanda boti. Nani angeipeleka? Mume wangu alikuwa tayari, lakini yaya alikwishaichukua mezani, akaifunga ndani ya kitambaa cha kichwani, na mkanda wa mashini bado ulikuwa kifuani mwake.

Aliporudi alinisimulia. Safari nzima aliishika chupa mapajani kwa mikono miwili. Abiria mmoja mdadisi akamwuliza, "Mama, mu ile chupa iko nini?"

"Ni mudogo yangu," yaya akamjibu.

Mtu yule alihamia upande wa pili wa boti.

Tukangoja matokeo wiki tatu. Nimesema mimi hupenda kutia chumvi, basi hapa siitii. Nilikuwa nikisikia simu ikilia kwa jirani, naacha mkasi natoka mlangoni. Watoto wakicheka nilikasirika. Nilitazama rundo la vitambaa vya wateja nikahesabu ni nani atavimalizia. Nilianza kumfundisha mume wangu ni wapi tunaweka vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda karakanani, na nikasikia randa yake ikienda bila kupumzika mpaka jua likazama, ilhali siku ile hakuwa na ubao wa mtu.

Karatasi ilisema ni kansa. Nilitegemea ukuta uanguke. Ukuta haukuanguka, nje mama mmoja alikuwa anauza mandazi. Daktari akanieleza kwamba kwa sababu mashine ya miale haipo karibu nasi, njia salama ni kutoa titi lote pamoja na tezi za kwapa. Nikauliza kama kisu hakitauamsha. Akasema kinachouamsha ni kuuachia muda. Mume wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akishika kofia yake, akauliza swali moja tu.

"Lini?"

"Hata kesho kutwa, papa."

"Basi kesho kutwa."

Sitaeleza upasuaji, kwa kuwa nililala. Niliamka nikakuta bandeji, na yaya kando ya kitanda akigombana na muuguzi juu ya uji. Nilichoogopa wakati huo hakikuwa tena titi. Lilikuwa limekwenda. Nilikuwa naogopa zile tezi, ambazo nazo zilipanda boti, ndani ya chupa kubwa zaidi, juu ya mapaja yale yale. Harage ulilolishika mkononi unaweza kulichukia. Tezi nilikuwa sijaziona hata siku moja, na ndizo zilizokuwa na jibu.

Jibu lilikuja mchana wa mvua. Daktari alisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti. Tezi zote zilikuwa safi isipokuwa moja. Ile moja ilikuwa imeguswa. Na aina yenyewe ni ile inayokubali kidonge.

"Moja ni kidogo ama nyingi?" nikauliza.

"Ni kidogo. Lakini ni sababu ya kupata dawa za mushipa kwanza, zote, bila kuruka. Kisha kidonge kila siku, miaka mitano."

Nikafanya hesabu ya zile wiki saba. Nikauliza kama tezi ile ingekuwa safi laiti ningekuja Jumatatu ile ya kwanza. Kijana akaweka karatasi mezani.

"Sijui, mama. Kweli sijui. Lakini najua kama ungengoja miezi saba, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Swali hilo bado ninalo. Linaamka kabla yangu.

Dawa za mshipani nilizimaliza. Kulikuwa na siku barabara zimefungwa nikapita kwa miguu juu ya mawe ya volkano, kichwa kipara chini ya kitambaa, nikitapika kwenye kila kona kama dereva anayepiga honi. Kulikuwa na siku dawa haikuwepo, yaya akatuma maneno kwa wenye boti wote wa Kituku mpaka ikapatikana. Kidonge nakimeza asubuhi na chai. Kinanipandisha joto kiasi kwamba ningeweza kupikia familia nzima juu ya kifua changu.

Daktari ananiita kila baada ya miezi sita. Ananipapasa upande uliobaki, ananipapasa kwapa zote mbili, macho ukutani, na pumzi yangu inabaki nje mlangoni mpaka amalize. Watu wananiambia umepona, mama, mshukuru Mungu. Namshukuru sana. Lakini daktari hajawahi kulitumia neno hilo, na mimi nasikiliza maneno anayoyaacha.

Kontrole ya tano, siku ya kupapaswa tena, ni kesho. Leo sijashona kitu. Nimefagia nyumba mara mbili, nimewagombeza watoto bure, nimejipapasa kwapa mpaka pamekuwa pekundu, kisha nikaogopa ule wekundu. Jioni hii yaya amepiga simu kutoka Kituku, kelele za wauza samaki nyuma yake.

"Kesho saa moja asubuhi niko kwako. Umekula?"

"Nimekula."

"Unadanganya. Kula. Na uvae viatu vya kufunga, mvua imeharibu ile njia ya hospitali."

Nimevivaa tayari. Nimekaa navyo kitandani.